Warsha, shindano au mdahalo wa maktaba: uende wapi muhula huu?

Wiki ya tatu ya muhula, ubao wa matangazo wa maktaba yetu huwa hauna pa kuchomeka pini. Karatasi moja inaita watu kwenye warsha ya marejeo, nyingine ni shindano la insha, ya tatu mdahalo, ya nne ina picha ya kitabu pembeni mwa keki, kwa sababu mwenzetu mmoja wa kaunta anaamini keki ndiyo huvuta watu (na hajawahi kukosea). Mwanafunzi anasimama pale, begi begani, anasoma zote, halafu anakuja kwangu: "Shikamoo madam. Sasa kati ya hizi, mimi niende ipi?"

Marahaba. Na huwezi kwenda zote, kwa hiyo umeuliza vizuri. Una vipindi, una test, una kazi ya kikundi ambayo wenzako wamekuachia, na bumu halijaingia.

Mimi ni mkutubi. Shughuli hizi nimeziandaa miaka kadhaa. Nyingine zimejaa hadi watu wakakaa kwenye ngazi, nyingine nimeziendesha mbele ya watu watatu, mmoja wao mlinzi. Nitazipanga hapa mbili mbili, jinsi ambavyo ningekueleza pale kaunta kama foleni ingekuwa fupi. Ninapopima, naangalia kitu kimoja tu: ukitoka mlangoni, una nini ambacho hukuwa nacho ulipoingia? Cheti sikihesabu. Nimechapa vyeti vingi mno kwa mikono yangu mwenyewe.

Warsha ya kutafuta makala na warsha ya marejeo

Hizi mbili watu huzichanganya kila muhula. Ya kwanza inakufundisha kupata, ya pili inakufundisha kutunza na kunukuu ulichokipata. Ukiingia ya pili huna hata makala moja kwenye kompyuta yako, utakaa saa mbili ukitazama kabati tupu.

Tuanze na ya kutafuta. Kuna binti wa maendeleo ya jamii alikuja na mada ya wamachinga wa Kariakoo. Kwenye Google alikuwa ameandika sentensi nzima, vilevile ambavyo angeniuliza mimi, akapata habari za magazeti na matangazo ya mitumba. Tulichofanya ni kuivunja ile sentensi. Neno "wamachinga" tukalitafutia ndugu zake wa Kiingereza, maana majarida mengi yaliyomo kwenye hifadhidata ni ya Kiingereza: "street vendors", "hawkers", "petty traders". Tukayaunganisha kwa OR, yaani mashine ikubali lolote kati yake, tukayafungia ndani ya mabano. Kisha AND, yaani na kinachofuata lazima kiwemo. Kisha "Dar es Salaam" ndani ya alama za nukuu, ili mashine isiyachambue maneno yale matatu na kumletea kila ukurasa wenye "es". Orodha ikapungua hadi ikawa ya kusomeka, na makala iliyokaa juu kabisa ilihusu mtaa anaopita kila siku akienda kupanda mwendokasi. Akasoma muhtasari wake hapohapo, amesimama.

Hilo ni tunda la saa moja. Tunda la pili ni nywila. Wengi wanafika kwenye makala, wanakuta inauzwa dola thelathini na kitu, wanafunga ukurasa na kurudi kwenye madesa. Kumbe ipo Research4Life, mpango wa mashirika ya Umoja wa Mataifa pamoja na wachapishaji, ambao unavifungulia vyuo vya nchi zenye kipato cha chini bure au kwa ada ndogo. Ndani yake mna Hinari ya afya, iliyoanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, AGORA ya kilimo iliyofuata mwaka 2003 chini ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo, OARE ya mazingira, ARDI ya sayansi na teknolojia, na GOALI ya sheria. Chuo kikishasajiliwa, kuingia ni kazi ya dakika mbili. Unachotakiwa ni kuja kuuliza.

Siku hizi kwenye warsha hii tumeongeza nusu saa ya akili mnemba, na sababu nitaisema wazi. Wanafunzi wanakuja kaunta na orodha ya marejeo kumi, wanaomba tuwatafutie. Sita tunayaona. Manne hayapo, wala hayajawahi kuwepo: mwandishi ni wa kweli, jarida ni la kweli, lakini makala yenyewe imetungwa na mashine. Tunawaonyesha jinsi ya kuchukua namba ya DOI, ile ya utambulisho ambayo makala hupewa, kuibandika kwenye doi.org, na kuona inafungua nini. Kama haifungui kitu, au inafungua makala ya ugonjwa wa ng'ombe wakati wewe unaandika kuhusu mikopo ya VICOBA, umeshapata jibu lako.

Sasa ya marejeo. Hii ni ndefu, ina uzito, na ikiendeshwa vibaya inachosha. Lakini kama uko mwaka wa tatu unaandika utafiti, au uko shahada ya uzamili, nakushauri uipe nafasi ya kwanza kuliko zote zilizo ubaoni. Faida yake huioni siku ile. Unaiona miezi minane baadaye, msimamizi wako anapokuambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, ubadilishe mtindo wa marejeo kutoka Harvard kwenda APA toleo la saba. Aliyehudhuria anabonyeza mara mbili. Asiyehudhuria anakesha.

Kuna jambo moja tunalolionyesha kwenye warsha ambalo hutalikuta kwa urahisi kwenye video za mtandaoni, maana wanaozitengeneza hawashughuliki na majina yetu. Mwanafunzi mmoja alikuwa amejaza chapisho la Baraza la Kiswahili la Taifa. Programu ya kutunza marejeo ina visanduku viwili, cha jina la ukoo na cha majina mengine. Akafanya kama alivyozoea kwa watu: neno la mwisho upande huu, yaliyobaki upande ule. Kwenye orodha ya marejeo BAKITA akageuka kuwa bwana mmoja anayeitwa Taifa, na herufi zake za mwanzo zimefuata baada ya mkato. Msimamizi akazungushia wino mwekundu, akaandika pembeni: "Huyu ni nani?" Dawa yake ni alama ndogo pembeni mwa jina, inayogeuza visanduku viwili kuwa kimoja. Wizara, taasisi, tume, mabaraza, vyote hukaa humo. Ni kubonyeza mara moja tu, ila lazima mtu akuonyeshe pa kubonyeza.

Zotero au Mendeley?

Ndani ya warsha hiyohiyo utaulizwa uchague programu, na vyuo vingine hutangaza warsha mbili tofauti. Zotero ilianzia Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, mwaka 2006. Ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Mendeley ilinunuliwa na kampuni ya uchapishaji ya Elsevier mwaka 2013. Nayo kutumia ni bure. Zote mbili zinaingia ndani ya Word na kukupangia marejeo.

Mtandaoni, Mendeley inakupa nafasi ya GB 2 bila malipo, Zotero inakupa MB 300. Wengi wakisikia hivyo wanakimbilia Mendeley. Ngoja kwanza. Zile MB 300 ni za kuhifadhi mafaili kwenye seva zao tu. Kwenye kompyuta yako mwenyewe Zotero haina kikomo zaidi ya diski uliyonayo, na unaweza kuitumia bila hata kufungua akaunti. Kwa mtu anayenunua bando la wiki, kufanya kazi bila intaneti kuna thamani kuliko nafasi ya mtandaoni ambayo hataijaza. Mendeley pia iliondoa programu zake za simu mwaka 2021.

Mimi nafundisha Zotero. Ila kama msimamizi wako na kundi lako lote la utafiti wako Mendeley, nenda nao huko. Kuhamisha marejeo katikati ya kazi kunawezekana, lakini sikutakii.

Kliniki ya Turnitin

Turnitin ni programu inayolinganisha kazi yako na maandishi mengine. Kliniki yake haihitaji maneno mengi. Hujaa kuliko warsha ya marejeo kwa sababu inatoa namba, na binadamu anapenda namba. Unaleta kazi, unaona asilimia na rangi: bluu ni sifuri, kijani ni hadi 24, njano ni kuanzia 25, chungwa kuanzia 50, nyekundu kuanzia 75. Watu wanadhani mashine imesema umeiba. Haijasema hivyo. Imesema maneno haya yanafanana na yaliyoko mahali pengine, na kama hukuondoa orodha ya marejeo na nukuu kwenye hesabu, hata hizo zimo. Kiwango kinachokubalika kinawekwa na chuo chako, hivyo achana na asilimia ya rafiki yako wa chuo kingine.

Ukiniuliza kati ya kliniki na warsha ya marejeo, hii inakupima homa, ile ni chanjo. Anayekuja kliniki wiki ya mwisho akiwa na asilimia 61 hatuna la kumpa zaidi ya pole na kiti cha kukalia aandike upya.

Insha, ushairi, mdahalo

Hapa tunaingia kwenye mashindano, na hapa ndipo watu huchagua kwa kuangalia zawadi. Zawadi za maktaba mnazijua: vitabu, fulana, bando, flashi, bahasha yenye fedha kidogo ikiwa mfadhili amepatikana. Ukigawa zawadi kwa saa ulizotumia, hata muuza karanga anakushinda. Angalia kitu kingine.

Insha unaandika peke yako, usiku, kwa muda wako. Ukishindwa hakuna aliyeona, na insha bado unayo. Kwa hiyo kama huna uhakika wa ratiba yako, chagua insha. Kabla hujaandika, njoo uombe vigezo vya waamuzi. Nasisitiza hili kwa sababu nimewahi kusimamia shindano ambalo vigezo vilipatikana siku ya kusahihisha. Kijana aliyeandika vizuri kuliko wote alikatwa kwa kuzidisha maneno mia mbili, na hakuna aliyekuwa amemwambia kikomo. Alikuja kaunta kuuliza, sikuwa na jibu la maana, nikamwangalia tu. Soma pia kifungu cha umiliki. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999, kazi ni yako tangu ulipoiandika, bila kuisajili popote, na haki hizo hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo chako. Fomu ya shindano ikikuambia kwamba kwa kushiriki tu umekabidhi haki zote, uliza kwanza kabla hujasaini.

Insha au hadithi iliyopita kwenye mikono ya waamuzi wa chuo pia imeshapata msasa wa kwenda mbali. Ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo hutolewa karibu na Aprili 13, siku aliyozaliwa Mwalimu. Mshindi wa kwanza amekuwa akipata shilingi milioni 10. Ipo pia tuzo ya fasihi ya Kiswahili ya Safal, iliyoanza mwaka 2014. Huko hawakuulizi uko mwaka wa ngapi.

Ushairi ni jambo jingine kabisa. Mwandishi wa insha akikosea kidogo anasamehewa. Mshairi wa kimapokeo hasamehewi. Tuna mwamuzi mmoja mzee, mwalimu mstaafu, anayesoma kila mshororo huku kidole kikigonga meza kwa kila silabi. Gonga, gonga, gonga, hadi nane, anapumzika, hadi nane tena. Chukua mstari huu: "Kitabu nimekishika, macho yananisinzia." Nane kwa nane, na unapita. Sasa mtu akitaka kuupamba, aandike "kitabu nimekwishakishika", kidole kinafika kumi, mzee ananyanyua macho juu ya miwani, na shairi limeishia hapo, hata kama beti zilizofuata zingekuliza. Kwa hiyo kabla ya kujiandikisha uliza: shindano linapokea mashairi huru au ni vina na mizani? Ugomvi wa pande hizo mbili umekuwepo tangu wazazi wenu wakiwa shule, hauwezi kumalizwa na shindano letu, lakini jibu la swali hilo ndilo litakaloamua kama upeleke shairi lako au ulibakize daftarini.

Mdahalo. Kwa mtindo wa bunge la Uingereza, unaotumika kwenye midahalo mingi ya vyuo, timu ni nne, kila moja watu wawili. Mada inatangazwa dakika 15 kabla, na kila msemaji ana dakika saba. Hapa kushindwa kunaonekana. Umesimama, hoja imekwisha dakika ya nne, na dakika tatu zimebaki zinakutazama. Gharama yake ni jioni nyingi za mazoezi, na wakati mwingine safari za nje ya mkoa ambazo chuo hulipa nusu.

Kwa nini nimpeleke mtu huko, basi? Kwa sababu wanamidahalo ndio wateja wangu bora. Wanakuja mbio, wana dakika ishirini, wanataka kitu chochote kuhusu kodi ya hewa ukaa au haki za wafugaji, na baada ya mwezi mmoja wanatafuta haraka kuliko mimi. Ushauri wangu ni kwamba kama unakwenda kwenye mdahalo, pitia kwanza warsha ya kutafuta makala. Ukienda na mdomo peke yake, raundi ya kwanza utachekesha watu, ya pili hutaitwa.

Na kwa walioko uzamili na uzamivu, kuna shindano la kueleza utafiti wako kwa dakika tatu. Lilibuniwa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, mwaka 2008. Kulikuwa na ukame, watu wakawa wanaoga kwa saa ya mchanga ya dakika tatu ili kubana maji, na mkuu mmoja wa shule ya uzamili akaona kwamba hata tasnifu inaweza kubanwa hivyohivyo. Slaidi moja, isiyo na mwendo, hakuna vifaa, dakika tatu. Ukizidisha unaondolewa. Nimewaona watu wenye tasnifu ya kurasa mia tatu wakigundua, kwenye mazoezi, kwamba hawajui wanatafiti nini. Ni vizuri kugundua hivyo mbele ya wakutubi wanne kuliko mbele ya jopo. Ukilinganisha na insha, hili nalipa nafasi ya juu kwa mtu mwenye utafiti unaoendelea, maana maandalizi yake yanaingia moja kwa moja kwenye utetezi wako.

Siku ya kuhariri Wikipedia na kusaka vitabu

Hizi mbili naziweka pamoja kwa kuwa zote zinakutoa kitini. Kusaka vitabu ni kwa mwaka wa kwanza: mnagawanywa vikundi, mnapewa karatasi ya vidokezo, mnakimbia (kwa kunyata) kwenye rafu. Mwisho wake unajua kwamba kwa mfumo wa kupanga vitabu wa Maktaba ya Bunge la Marekani Kiswahili kinakaa kuanzia PL8701, na kwa mfumo wa Dewey ni 496.392. Unaweza kucheka, lakini nina wanafunzi wa mwaka wa tatu ambao bado wanasimama katikati ya ukumbi kama abiria aliyeshushwa kituo kisicho chake. Ukishajua rafu zako, usirudi mwaka wa pili. Haina kipya.

Kuhariri Wikipedia ni kwa yeyote, na nasikitika kwamba huja wachache. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003 na ina makala zaidi ya 80,000, nyingi zikiwa fupi na hazina chanzo hata kimoja. Maktaba zinashiriki kampeni ya #1Lib1Ref, iliyoanza mwaka 2016, kwa awamu mbili: Januari 15 hadi Februari 5, na Mei 15 hadi Juni 5. Kazi yako ni kuongeza chanzo kimoja kwenye makala isiyo nacho. Kijana mmoja alifungua makala ya wilaya yao, akaona mistari minne. Akaenda rafu ya historia, akarudi na kitabu chenye vumbi ambacho hakijaazimwa tangu kadi za maktaba zilipokuwa za karatasi, akaweka sentensi mbili na ukurasa vilikotoka. Simu yake ikapita mikononi mwa darasa zima.

Tahadhari moja, na hii tumejifunza kwa aibu. Wikipedia hairuhusu zaidi ya akaunti sita mpya kwa siku kutoka anwani moja ya mtandao. Tulikuwa watu ishirini na tano kwenye Wi-Fi ya chuo. Sita wakafungua, waliobaki wakawa wanaangalia ujumbe mwekundu huku wageni waalikwa wakinywa soda. Fungua akaunti yako nyumbani, usiku uliotangulia, kwa bando lako.

Ukiniuliza kati ya hii na shindano la insha kwa mtu anayependa kuandika: insha inakupa wasomaji watatu au wanne, waamuzi. Makala ya wilaya yenu itasomwa na mtoto wa shule ya msingi aliyepewa kazi ya nyumbani. Lakini kwenye wasifu wako wa kazi, ushindi wa insha unaeleweka mara moja, na uhariri wa Wikipedia utahitaji kuueleza kwa mwajiri. Amua unachohitaji sasa.

Klabu ya vitabu nayo ni nzuri, ni ya watu wanaopenda kusoma, na wao hawahitaji ushauri wangu. Mazungumzo na mwandishi, nenda kama umeshasoma angalau kitabu kimoja cha huyo mgeni. Kama hujasoma, kula keki, piga picha, tawanyika kwa amani.

Ukumbi mkubwa na chumba cha kompyuta

Jambo la kuangalia kabla ya jina la shughuli ni chumba. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyofunguliwa Novemba 2018, imejengwa ichukue watu 2,100 kwa wakati mmoja. Sisi wa vyuo vingine tuna ukumbi mmoja na feni tatu, mbili zinazunguka. Kwa warsha, ukubwa wa ukumbi haukusaidii. Kinachokusaidia ni kama una kompyuta mbele yako na kama kuna mtu wa kukuinamia begani unapokwama. Warsha ya marejeo ya watu mia mbili ukumbini, wanaoangalia projekta, ni hotuba tu hata ikiitwa warsha. Ileile kwa watu kumi na watano, kompyuta kumi na mbili, wawili wawili pale zinapopungua, inashika. Ukiona tangazo limeandikwa "nafasi ni chache", usilichukulie kuwa ni la kukufukuza. Hilo ndilo la kuwahi.

Kwa mashindano ni kinyume chake. Mdahalo bila watu unadoda, na kughani shairi mbele ya viti vitupu ni adhabu.

Halafu kalenda. Siku ya Vitabu na Hakimiliki Duniani, Aprili 23, mara nyingi huangukia katikati ya muhula wa pili, na hapo una nafasi ya kupumua; shindano lolote la siku hiyo ni la kujaribu. Siku ya Kiswahili Duniani ni Julai 7, tarehe ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021. Kwa sherehe ni tarehe nzuri, kwa mwanafunzi ni mbaya: vyuo vingi viko kwenye UE (mitihani ya mwisho wa muhula) au watu wameshatawanyika field. Kwa hiyo insha na mashairi ya Julai 7 yaandike Mei, uyafungie kwenye barua pepe, ukatume siku dirisha likifunguliwa. Awamu ya Januari ya Wikipedia inakaribiana na mitihani ya muhula wa kwanza. Nenda ile ya Mei. Warsha ya kutafuta makala chukua ya mwanzo kabisa, wiki ya tatu au ya nne, kabla kazi za kikundi hazijapangwa. Ile ya wiki ya kumi na mbili tunaiendesha pia, na hujaa, na nusu ya waliomo hawasikilizi kwa sababu kazi inatakiwa kesho asubuhi.

Ukija, njoo na chaja na kompyuta yenye nafasi kwenye diski. Kama huna kompyuta, sema siku ya kujiandikisha, tutakupangia ile ya pembeni mwa dirisha, ambayo kibodi yake inakosa herufi "m". Utazoea. Wiki za UE hutakuta tangazo lolote ubaoni. Tunaongeza viti, tunachelewa kufunga, na kila mtu anapiga msuli wake kimya.